Tangazo la Msaragambo wa Vumbwe

Kila jioni nyumba ya Justa ilijaa. Vumbwe ya Chini nzima ilihamia kwake ifikapo saa kumi na mbili. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kali mpaka inakuna koo, lakini watu hawakuifuata hiyo. Waliifuata redio. Ilikuwa ya betri nne, imefungwa mgongoni kwa mpira wa baiskeli, na kati ya stesheni zote ilishika moja tu sawasawa, Redio Chuo ya Same mjini. Nyingine zilikwaruza. Redio Chuo iliingia kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Ilikuwa redio ya chuo kikuu. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu kila mwenye uwezo afungue redio yake, kama ilivyoruhusu kila mwenye lori anunue kahawa kwa bei anayoota asubuhi. Wasomi wakasimamisha mnara, wakaita watu wa milimani na wa tambarare kwenye ufunguzi, wakaahidi: redio ni yenu, leteni misiba, leteni mbuzi waliopotea, leteni mikutano, tutasoma. Vumbwe walirudi nyumbani vichwa juu. Mkutano wa kwanza tu wakapitisha kwa kunyoosha mikono kwamba pembe ipumzike.

Pembe hiyo ilikuwa ya tandala. Tangu enzi za mababu, tope likijaa kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi mashambani kwa zamu, mtu alipanda mwambani jioni akaipuliza. Kesho yake kila nyumba ilitoa mtu na jembe kwenda msaragamboni kuzoa tope. Sasa kuna redio, nani apasue mapafu? Pembe wakampelekea Mkurugenzi wa redio kama zawadi. Aliipokea kwa mikono miwili akapigwa picha.

Basi Jumatatu moja nyumbani kwa Justa walikuwa watu kumi na tisa, yeye mwenyewe akiwamo, bila kuhesabu watoto wa mgongoni. Kurwa ndiye aliyeshika zamu ya maneno. Alikuwa ametoka Kigoma zamani kukata mkonge, shamba la mkonge likafungwa, akapanda mlimani kutafuta kibarua cha wiki moja, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Hakuwa na ndugu Upareni, lakini hakuna ndoa iliyotikisika Vumbwe asijue kitanda kilianza kulia siku gani.

"Wilbard amenunua bati," alisema. "Bandali mbili. Mkewe anasema ni za jiko. Jiko gani la bati ishirini na nne, anampikia nani, jeshi?"

"Nyamaza, matangazo," Justa akasema.

Saa kumi na mbili na nusu ulipigwa muziki wa matangazo. Sauti ya msichana ikasema, "Karibuni wasikilizaji," kisha redio ikawa shwaa, kama mtu anayekaanga dagaa. Justa akaipiga kofi. Akaigeuza. Akatoa betri, akazing'ata, akazirudisha. Shwaa. Wakakaa mpaka saa moja, wakasema labda leo hakuna la kutangaza, wakamaliza chai, wakaenda zao.

Siku ya pili yake, saa tano asubuhi, Justa alikuwa anapalilia maharage alipowaona watu wa Vumbwe ya Juu wakishuka kutoka ndivani, tope mpaka magotini, wakiimba. Jembe likamponyoka.

Alasiri Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, akaja na wazee wawili kukamata. Ndivyo ilivyo: nyumba isiyotoa mtu msaragamboni hukamatwa kitu, na zamu yake ya maji hurukwa. Walishapita kwa wengine. Mmoja wa wazee alibeba sufuria tatu kichwani, mwingine kuku wawili na jembe la Kurwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyumba hii haikutoa mtu."

"Hatukusikia tangazo."

"Wa juu walisikia."

"Wa juu uliwaambia mwenyewe Sabato, mkitoka kanisani. Sisi wa chini wengine ni Waislamu, wengine ni wa kuja, na mimi nilikuwa mnadani Hedaru. Tunategemea redio."

"Na redio ilitangaza. Karatasi niliipeleka kwa mkono wangu huu. Binti akanambia, mzee, itasomwa Jumatatu. Mtu wa chuo kikuu anidanganye mimi ili apate nini?"

"Nina mashahidi kumi na wanane, walikaa hapa hapa."

"Ambao wote kumi na wanane hawakuja." Mzee Eliufoo akatabasamu kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unaudhi. "Mwanangu, mwizi atoe ushahidi kwa mwizi? Niletee barua ya redio, iseme tangazo halikusomwa. Nikiiona kabla ya Ijumaa asubuhi, zamu yako ninakupa. Lakini kwa leo mila ni mila."

Akaangaza macho chumbani, akapita sufuria, akapita ungo, akaichukua redio.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa zamu ya Justa. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na kila mtoto wa Kipare anajua kwamba haragwe likiwa mauani halina subira. Likikosa maji wiki hiyo linapukutisha maua yote, unabaki na shamba zuri la majani. Na maharage hayo ndiyo chakula chake mpaka vuli, hakuwa na mengine.

Jumatano alfajiri akadandia lori la mbao likamteremsha mjini. Upepo wa Same ulimpokea kwa vumbi la usoni. Studio ilikuwa nyuma ya bwalo la chuo, na mlangoni alikuwapo binti mmoja aliyefunga ushungi wa bluu, akajitambulisha kuwa Ummy, wa Hedaru, mwaka wa tatu.

"Shikamoo, mama."

Justa akaitambua sauti. Ilikuwa ni ile ya "karibuni wasikilizaji". Ilimchanganya kidogo, kwa sababu alikuwa amepanga kugomba, na sauti hiyo alikuwa ameizoea kama ya mtoto wake. Akaeleza. Ummy akatoa daftari kubwa, akateremsha kidole.

"Hili hapa. Tangazo namba nne, msaragambo wa Vumbwe. Limesomwa, mama. Angalia tiki."

"Nani aliyesoma?"

"Mimi."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimeketi. Mlipiga muziki, ukasema karibuni, mkazimika."

Ummy akatazama korido, kisha akashusha sauti. "Mgao, mama. Umeme ulikatika. Na jenereta haijaonja dizeli tangu mwezi wa pili."

"Sasa hii tiki?"

"Tiki tunapiga kabla ya kuingia. Mle ndani ukishika kalamu, daftari linakwaruza kwenye maikrofoni, Daktari, mkurugenzi wetu, anafoka. Kwa hiyo tunatiki yote kwanza, halafu ndiyo tunasoma."

"Na umeme ukikatika?"

"Tiki haikatiki."

Justa akacheka bila kupenda, kisha hasira ikamrudia maradufu kwa kuwa amecheka. "Niandikie maneno hayo hayo."

"Mimi mwanafunzi tu, mama. Mpaka Daktari. Na Daktari yuko kikaoni."

Daktari alikuwa kikaoni mpaka saa kumi. Saa kumi akatokea, akapita mbio akisema kesho saa nne. Justa akalala kwa binamu yake nyuma ya stendi, na Alhamisi saa tatu na nusu akawa mlangoni. Saa nne ilikuja, saa tano ikaja, saa saba watu wakaenda kula. Saa nane na robo akaitwa.

Dokta Melkizedeki alikuwa mtu mnene wa maneno laini. Nyuma ya kiti chake, ukutani, ilining'inia pembe ya Vumbwe, imepakwa vanishi, na chini yake kadi iliyoandikwa kwa mashine. Justa akaikodolea macho. Aliijua mpaka ufa wake.

"Mama yangu, nakuelewa kabisa," Daktari akasema. "Lakini tuelewane. Leseni yetu inahuishwa mwezi ujao. Nikitia saini kwamba hatukuwa hewani na daftari linasema tulisoma, hiyo karatasi itatembea. Ikifika kwa wenye leseni, redio itafungwa. Nani ataumia? Ninyi wananchi."

"Mimi nimeshaumia, Daktari."

"Tuna utaratibu. Uandike barua ya malalamiko, iende kamati ya vipindi, ije kwangu, niipeleke kwa Mkuu wa Chuo."

"Maji yangu ni kesho asubuhi."

"Ndiyo ugumu wenyewe huo."

"Basi nipeni pembe yetu. Nikaipulize mwenyewe."

Daktari akageuka kuiangalia, kama aliyesahau kuwa ipo. "Hiyo imeshaingia kwenye rejista ya mali ya chuo. Kuitoa, mpaka kamati ikae."

"Hukaa lini?"

"Ikitimia akidi."

Palikuwa na matusi ya Kipare yaliyomfika Justa mpaka kwenye meno, akayameza yakashuka vibaya. Huenda Daktari aliyaona, maana alijikuna kidevu, akasema, "Kuna njia. Leo mgeni wa kipindi cha Sauti ya Mwananchi hakufika, basi lake limekufa Mwanga. Ingia wewe. Dakika kumi, saa kumi na mbili na nusu. Sema mwenyewe kwamba hamkusikia tangazo. Kwa staha. Maneno ya hewani hayana saini wala muhuri, mimi sitaulizwa."

Justa akapiga hesabu. Mzee Eliufoo alikuwa na redio yake. Saa kumi na mbili na nusu angekuwa nayo barazani, pamoja na watu wote wa chini, maana watu hufuata redio ilipo. Angesikia kwa masikio yake. Barua gani ipite hiyo?

Saa ilipofika wakamkalisha kwenye kiti kinachozunguka, mbele ya maikrofoni iliyovikwa sponji. Ummy aliketi mkabala. Daktari naye akaja, akakaa kwenye benchi la ukutani, labda kulinda leseni yake. Taa nyekundu ikawaka.

"Mama Justa, karibu Sauti ya Mwananchi. Una lipi?"

Sasa, mtu aliyelelewa Upareni haingii kwa watu akaanza kutupa shida zake sakafuni kama kuni. Anasalimu kwanza. Na Justa, aliyezoea nyumba iliyojaa, aliona wazi kwamba hapa ameingia nyumba iliyojaa kuliko zote. Angeanzaje kudai maji kwa mzee ambaye hajampa shikamoo?

"Asante, mwanangu. Kwanza kabisa namsalimu Mzee Eliufoo, mwenyekiti wetu wa ndiva, shikamoo mzee. Namsalimu na mama, mkewe, natumaini mguu unaendelea vizuri. Nawasalimu wazee wa kamati, wote wawili. Na Vumbwe ya Juu, Mwalimu na nyumba yake, Mchungaji na nyumba yake, na Wilbard, hongera kwa bati. Na Vumbwe ya Chini, nikianza na Kurwa, aache kumaliza sukari..."

Daktari alichora duara hewani kwa kidole, maana yake fupisha. Justa akaliona, akaongeza mwendo, lakini ukishamtaja jirani wa kulia utamrukaje wa kushoto? Akapita nyumba kwa nyumba. Akawataja wagonjwa. Akampa pole aliyefiwa na ng'ombe. Akafika mwisho wa kijiji, akavuta pumzi.

"Sasa, mzee wangu, jambo lililonileta mbele ya maikrofoni hii ni..."

Taa nyekundu ikazimika. Feni ikazunguka mizunguko mitatu ya mazoea, ikasimama. Studio ikabaki na giza la dirisha lililozibwa kwa magodoro.

Kisha Ummy akawasha kibiriti, na katika mwanga huo mdogo daftari lilikuwa wazi juu ya meza: Sauti ya Mwananchi, mgeni Mama Justa wa Vumbwe, mada maji. Mbele yake, tiki. Wino umeshakauka.

Justa akalivuta daftari, akalisukuma taratibu mpaka kwenye magoti ya Daktari.

"Nimesema, Daktari? Soma mwenyewe. Nimeshasema yote."

Kibiriti kikamuunguza Ummy kidole. Akawasha kingine. Daktari alilitazama daftari mpaka hicho nacho kikafika mwisho.

"Leta mshumaa," akasema. "Na karatasi yenye nembo."

Aliandika mistari mitano, mizuri, ya kweli. Akatia saini. Kisha akapapasa mifuko, akapapasa droo, akakumbuka: muhuri ulikuwa umefungiwa ndani ya kabati, na mwandishi wake wa ofisi alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda harusini Ngujini.

"Saini inatosha," akasema, bila kumwangalia usoni.

Ijumaa lori la mbao lilichelewa kwa pancha. Justa alifika Vumbwe saa sita mchana, akapita moja kwa moja mferejini. Maji yalikuwa yanakimbia, masafi, yanapiga kona penye shamba lake bila kuingia na kwenda zake kwenye shamba la Wilbard. Akasimama kidogo. Chini ya miche yake maua meupe yalikuwa yameanza kulala juu ya udongo.

Alimkuta Mzee Eliufoo barazani kwake, redio iko kwenye kigoda, imefutwa vumbi.

"Shikamoo, mzee. Barua hii hapa."

Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, akageuza nyuma. "Haina muhuri."

"Muhuri uko harusini."

"Hm." Akaikunja vizuri. "Jana tulikusikia."

"Mlisikia nini?"

"Ulinisalimu. Wa kwanza kabisa, hata kabla ya Mchungaji. Mama alitoka jikoni na mguu wake huo, akasema, nimetajwa redioni. Watu walijaa hapa mpaka kwenye ngazi. Ulisalimu vizuri sana, mwanangu. Halafu ukasema jambo lililokuleta, na redio ikafa."

"Haikufa. Umeme ulikatika Same."

"Mimi nilijua nimeiua. Kitu cha watu, kimekufa mikononi mwangu. Nilimtuma mtu dukani, akaleta betri mpya nne. Nikatia. Shwaa. Nikaitikisa, nikaipiga kofi. Tukakaa hapa mpaka saa moja, watu hamsini, tunaisikiliza inakaanga dagaa." Akavua miwani. "Ikawa hivyo hivyo na Jumatatu?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua redio kwa mikono miwili, akamkabidhi. "Ichukue na betri zake. Na sufuria za watu nitarudisha leo. Ila maji nimeshamfungulia Wilbard, siwezi kumfungia katikati ya zamu. Wewe nakupa Jumanne saa moja asubuhi, ndiva ikiwa imejaa. Mtu asikuguse."

Siku nne. Justa alihesabu matuta, akahesabu maua, akaona kwamba nusu ya shamba ingeweza kupona. Akasema asante. Alisema kwa staha, na staha ilimchoma kama pilipili.

Jumatatu jioni nyumba ikajaa tena. Betri mpya zilitoa sauti mpaka vikombe vikatetemeka. Kurwa alikuwa na habari kwamba jiko la Wilbard limeota vyumba vitatu. Saa kumi na mbili na nusu muziki ukapigwa, umeme ukakaa, na sauti ya Ummy ikaja, tamu, bila haraka:

"Wananchi wa Vumbwe mnatangaziwa msaragambo wa kuzoa tope la ndiva kesho Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Asiyefika atakamatwa. Limeletwa na mwenyekiti, Mzee Eliufoo."

Watu wakatazamana.

"Ni lile la wiki iliyopita," Justa akasema. "Wamelikuta mezani wakaona halikusomwa. Yule binti anataka kunisaidia."

"Limesema kesho Jumanne," Kurwa akasema.

"Na wiki iliyopita nako kulikuwa na Jumanne, Kurwa. Tope limeshazolewa. Kesho ni maji yangu."

"Kweli kabisa," Kurwa akakubali, na wote wakakubali, wakanywa chai, wakamwonea huruma, wakaenda kulala.

Lakini kitandani kila mtu hubaki na akili yake peke yake. Na kama ni jipya? Sufuria imerudi Ijumaa, ikamatwe tena Jumanne? Mtu akifika kukawa hakuna kazi, atapoteza nini? Asubuhi Justa alipopanda ndivani na jembe dogo la kuelekezea maji, alisikia nyimbo kabla hajafika. Vumbwe ya Chini wote walikuwamo ndani, tope la wiki moja mpaka vifundoni, na wa Juu nao nusu yao. Walikuwa wameshafungua mlango wa chini wa bwawa, unaomwaga korongoni, kama inavyopasa wakati wa kuzoa. Maji ya usiku mzima yalikuwa yameshashuka korongoni, mahali pasipolimwa na mtu.

Mzee Eliufoo alisimama juu ya ukingo, mikono nyuma, akihesabu vichwa.

"Mzee," Justa akasema. "Uliitisha wewe?"

"Sikuitisha." Hakumtazama. "Lakini nilipofika nimewakuta wameshafungua. Na redio ilitangaza."

Kurwa akainua kichwa kutoka kwenye tope, akamwona, akainama tena haraka akijifanya amepata jiwe.

Justa alitazama ndiva tupu, akatazama kule chini shamba lilipo. Kisha akavua kandambili, akaziweka pembeni mwa ukingo, zote mbili zikielekea nyumbani, akateremka.

"Nipisheni," akasema. "Na mimi nionekane."